Utafiti wa historia Ujiji na Tabora: nina wiki tatu, nianzie wapi?

Mwanafunzi_wa_Misafara

Wakubwa shikamooni, wengine habari za humu.

Mwezi wa saba nakwenda Kigoma na Tabora kwa utafiti wa shahada ya pili. Mada ni maisha ya mji katika njia ya misafara ya kati, ile ya kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, tangu wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 hadi Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Nina wiki tatu tu na pesa ya mwanafunzi. Barua ya chuo ninayo.

Vibali vinapitia wapi? Ujiji kuna nini zaidi ya jiwe la Livingstone, lile la kumbukumbu ya Stanley kukutana naye? Wazee wenye habari za enzi hizo bado wapo, na wanaulizwaje? Siku nizigaweje? Picha za jiwe nimeshaziona za kutosha, hizo msinitumie.

Mzee_wa_Masjala

Kijana, marahaba. Kabla hujakata tiketi, hesabu upya hizo wiki. Kwa mada yako siku za kwanza si za Kigoma, ni za Upanga, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Anayefika Ujiji hajasoma mafaili huuliza maswali ya mtalii, naye hujibiwa kitalii.

Mafaili ya Mjerumani yako kwenye mfululizo wa herufi G. Mengi ni ya mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata aliyesoma Kijerumani hausomi bila mazoezi. Kama huna mazoezi hayo, omba ruhusa upige picha, msomaji utamtafuta baadaye. Usipoteze siku tatu unabahatisha herufi. Ya Mwingereza yamepigwa taipu na yana faharasa. Humo usikose vitabu vya wilaya, vile walivyokuwa wakijaza mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa Kiingereza: nasaba za watemi, majina ya maliwali, mila za ardhi, mipaka. Nakala zake za mikrofilamu zipo pia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni afadhali kwa macho kuliko kurasa zilizofifia.

Sasa kitu kinachowagharimu wengi. Karatasi za Kigoma haziko mahali pamoja. Wabelgiji waliichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, wakakaa huko na Ujiji hadi 1921, ilhali Tabora waliiachia kwa Mwingereza mapema, 1917. Ukikuta pengo la miaka hiyo ya Ujiji pale Upanga, usiwalaumu mchwa. Utawala wa wakati huo uliandika Kifaransa, na karatasi zake zinatafutwa Ubelgiji. Baadaye Mwingereza akaiingiza Kigoma katika Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Kwa hiyo mambo ya Ujiji mengi yamelala ndani ya majalada yenye jina la Tabora. Anayeomba majalada ya Kigoma peke yake huondoka akisema hakuna kitu.

Majina nayo ni mtego. Katika maandishi ya Burton usiitafute Tabora, tafuta Kazeh. Alifika hapo 7 Novemba 1857. Ujiji kwake ni nchi nzima, mji anauita Kawele. Stanley na Livingstone wakisema Unyanyembe wanasema nchi, wakisema Kwihara wanasema pale walipolala. Mapadri Wafaransa wanaandika Oudjidji, Wajerumani wengine Udjidji. Tahajia zote ziandike karatasi moja, uiweke mbele kila unapofungua faharasa.

Vibali: barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwake utapewa ya kwenda wilayani, kisha kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kisha Mtendaji wa Kata, mwisho mwenyekiti wa mtaa. Ni mkoa kwa mkoa. Barua ya Kigoma haifungui mlango wa Tabora. Toa nakala sita za kila karatasi kabla ya kuondoka, na mada iandike kwa Kiswahili chepesi kwenye aya moja, maana mtendaji wa kata hana muda wa kusoma kurasa kumi za pendekezo lako. Fika ofisini Jumatatu asubuhi. Barua iliyofika masjala Ijumaa mchana inalala hapo hadi wiki inayofuata, si kwa ubaya wa mtu. Kama una mwenzako asiye raia, huyo anaanzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na aanze miezi kadhaa kabla.

Jambo moja zaidi: hakuna kuchimba. Hata kufukua kigae kwa kijiti ni kazi yenye leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kigae ukikiona, kipige picha hapo kilipo pamoja na rula, kiache.

BintiKitongoni

Naongezea upande wa Ujiji.

Kufika ni rahisi, daladala kutoka Kigoma mjini zinapita Mwanga na kushuka hadi Ujiji. Yote ni manispaa moja. Jiwe na makumbusho yake havikuchukui zaidi ya saa mbili. Miembe utakayoonyeshwa si ule ambao chini yake walikutana 1871. Ule ulishakufa, na maandishi ya jiwe lenyewe yanataja mwembe *uliokuwa* umesimama hapo. Mwongoza wageni akikuambia vingine, itikia tu, usibishane naye. Kesho utamhitaji akupeleke kwa mjomba wake.

Simama pale kwenye jiwe, tazama Ziwa Tanganyika. Liko mbali kuliko linavyosomeka kwenye vitabu. Watu hudhani waandishi walitia chumvi, au jiwe liliwekwa pasipo. Jibu liko ng'ambo, Kongo. Ziwa letu linatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, na katikati ya karne ya 19 mdomo wake ulikuwa umeziba kwa matope na majani. Maji yakapanda mwaka hadi mwaka, yakafika kilele 1878 hivi, kisha Lukuga ukafumuka. Ndani ya miaka isiyofika 20 ziwa likashuka kwa kadiri ya mita 10. Maana yake kwako ni hii: ile tambarare ya chini unayoiona ina mashamba na nyumba, sehemu yake ilikuwa maji au kinamasi Stanley alipofika. Usitafute huko msingi wa nyumba ya 1871. Mji wa wakati huo utafute juu. Na ramani ya Mjerumani ya 1900 na kitu ukiilinganisha na maelezo ya 1871 bila kukumbuka Lukuga, utachora ufuko usiokuwapo. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia kwenye makazi ya pwani, kwa hiyo hata picha za satelaiti angalia ni za mwaka gani.

Kilichobaki Ujiji kinasomeka kwa miguu. Mistari ya miembe mikubwa, kwanza. Mwembe mmoja uwanjani si ushahidi wa kitu, lakini miembe iliyofuatana kwa mstari ni njia au mpaka wa shamba la mtu, na mtu huyo ana jina. Chukua nukta ya GPS ya kila mti mkubwa, pima mzunguko wa shina kwa kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Umri wa mwembe hautapatikana kwa mzunguko peke yake, ila mstari utaonekana ukishaziweka nukta kwenye ramani.

Halafu misikiti na makaburi. Usiingie makaburini bila imamu au mzee wa mtaa kujua. Maandishi yaliyofifia yatazame saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa ubavuni. Kivuli kinaingia kwenye herufi zinajitokeza zenyewe. Usipake chaki wala unga. Chaki inabaki kwenye vinyweleo vya jiwe, na inaweza kuharibu herufi. Tarehe za Hijria zigeuze hivi: gawanya mwaka kwa 33, kinachopatikana kitoe kwenye mwaka uleule, ongeza 622. Mfano 1288: ukigawa kwa 33 unapata 39, 1288 ukitoa 39 ni 1249, ongeza 622 ni 1871. Inaweza kupishana mwaka mmoja, kwa sababu Muharram haianzi Januari.

Kuhusu wazee. Usimwulize mzee wa Ujiji "Livingstone alikaa wapi?" Atakujibu kitabu cha shule ya msingi, na huwezi kumlaumu, ndicho alichosoma. Mbaya zaidi ni mtafiti kuondoka anaandika "mapokeo simulizi ya Ujiji yanasema", kumbe amerudishiwa kitabu kilekile alichokuja nacho. Uliza jina la mtaa limetokana na nini. Uliza shamba lile lilikuwa la nani kabla ya hapo, nani aliuza, nani alizikwa chini ya ule mti, kwa nini ukoo fulani hawaoleani na fulani. Uliza ukoo ulitoka Manyema (mashariki ya Kongo) sehemu gani, na waliingiaje mjini: kama wapagazi, wafanyabiashara, au walioletwa.

Hilo la mwisho liendee polepole. Kuna familia ambazo babu aliletwa kwa minyororo, na jirani wa ukuta kwa ukuta ni wajukuu wa aliyemleta. Majina ya watumwa wa zamani hayatamkwi barazani mbele ya watu. Kama mzee anasema "hao walikuja na wenyewe", umeshajibiwa. Usimlazimishe aseme neno lenyewe, na usichapishe jina la ukoo bila ridhaa ya wenye ukoo.

Saa nzuri ni baada ya sala ya alasiri, wazee wakiwa kwenye kahawa. Ijumaa usipange kazi. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani na za afya, kisha barua ya mtendaji. Siku ya kwanza usitoe kinasa sauti kabisa.

Mwanafunzi_wa_Misafara

Dada, hilo la Lukuga nimesoma mara tatu, sikulijua. Asante sana. Naomba pia mwenye habari za Tabora. Na swali: tarehe ya Stanley kukutana na Livingstone mbona kila mahali iko tofauti?

Mzee_wa_Masjala

Kwa sababu wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku. Jiwe linasema 10 Novemba 1871, tarehe ya Stanley. Daftari la Livingstone linaweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba. Homa ilimlaza Stanley njiani akaruka siku, naye Livingstone alishateleza kabla ya hapo. Kwenye tasnifu andika "Oktoba au Novemba 1871", weka maelezo chini, songa mbele. Lile neno maarufu la salamu, "Dr. Livingstone, I presume?", nalo lishike kwa vidole viwili: shajara za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji, na kurasa za mkutano huo zimechanwa.

Kitu cha bure usichokose: shajara ya Livingstone ya 1871, ile ya Manyema kabla hajarudi Ujiji. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea, ukafifia hadi hausomeki kwa macho. Imepigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali na sasa inasomeka mtandaoni. Ipakue ukiwa mjini.

Isevya_Juu

Mwangaluka. Tabora ni yangu.

Kwihara iko nje kidogo ya mji, kusini-magharibi. Tembe utakalolikuta, lile walimokaa Stanley na Livingstone, limejengwa upya, kwa hiyo usipime unene wa kuta ukaandika ni vipimo vya 1871. Linafaa kukuonyesha mpango: vyumba vinavyozunguka ua, paa bapa la nguzo na fito lililofunikwa udongo. Paa la namna hiyo linashinda moto kuliko nyasi, ila ufa mmoja masika ukiachwa bila kukandikwa maji yanaingia, mchwa wanafuata, miaka michache hakuna nyumba. Ndiyo sababu huwezi kukuta Tabora matembe ya Waarabu yaliyojaa jinsi ulivyosoma. Sio vita tu iliyoyamaliza.

Livingstone na Stanley waliingia Kwihara 18 Februari 1872. Stanley akaondoka 14 Machi, Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi 25 Agosti. Mwaka uliofuata maiti yake ilipita hapohapo, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakiibeba kwenda pwani. Lakini mada yako ni mji, si hao wawili, kwa hiyo kisome kile kipindi cha Stanley cha mwanzo zaidi: Juni hadi Septemba 1871, vita vya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi. Mirambo alipiga Tabora Agosti, akachoma sehemu ya mji. Njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikafungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Kwa hiyo ukiwa kwenye treni ya Tabora kwenda Kigoma usiandike kwamba unafuata nyayo zake. Reli inapita kwingine.

Kwa upande wa wenyeji nenda Itetemia, ikulu ya Unyanyembe. Jitambulishe kwa mwenyekiti kwanza, usijipeleke. Watemi walifutwa kisheria 1963, heshima haikufutwa. Habari ya mtemi Isike wa Unyanyembe kulipuka na baruti yake ndani ya ngome Januari 1893, baada ya Wajerumani kuvunja ukuta, utaisikia kwa namna nyingi. Ziandike zote kama zilivyo. Namna zinavyopishana ndizo zinazokwambia nani alikuwa upande gani, maana wapo waliotawazwa na Mjerumani baada yake, na uzao wao haukumbuki sawa na uzao wa Isike.

Onyo la sarafu. Utafuatwa na watu wenye "dhahabu ya Mjerumani". Kweli 1916, vita ikiendelea, Wajerumani walifyatua sarafu eneo la Tabora kwa mitambo ya reli: rupia 15 za dhahabu zenye tembo na herufi T, na heller za shaba. Za dhahabu zinaghushiwa mno. Usinunue hata moja, hata ya kweli. Ukishanunua sarafu moja, jioni mtaa mzima unajua wewe ni mnunuzi, na hakuna mzee atakayekuzungumzia tena bila bei.

Picha: stesheni, boma la Mjerumani, daraja, chochote chenye askari, uliza kabla kamera haijatoka mfukoni.

Treni_ya_Kati

Fupi. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kwa hiyo miaka miwili ya mwisho ya mada yako ni mji mwingine kabisa. Biashara inahama kutoka Ujiji kwenda bandari ya Kigoma, usiichanganye na ya wapagazi. Treni ya abiria si ya kila siku. Kata tiketi mapema na usipange mahojiano siku ya kufika, kuchelewa ni kawaida. Kama ratiba inakubali, shuka Uvinza: chumvi imechemshwa pale karibu miaka 1,500, na misafara ililipa hongo kuvuka Malagarasi. Mwezi wa saba ni kiangazi, barabara nzuri, ila Tabora usiku ni baridi na mchana vumbi. Beba koti, na mfuko wa plastiki wa kamera.

Sauti_na_Kalamu

Kurekodi. WAV, mono, 44.1 kHz, biti 16: saa moja ni karibu megabaiti 318, kwa hiyo gigabaiti 32 zinakutosha na ziada. Vinasa viwili kila mara, kimojawapo simu iliyowekwa hali ya ndege. Simu ikiita katikati, faili nyingi hukatika. Ujiji upepo wa ziwa huanza kuvuma mchana, usiposikia wewe maikrofoni inasikia: sifongo juu yake, na kaa ndani, mbali na bati. Mwanzoni sema tarehe, mtaa, na mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Asiyetaka jina, mpe namba, na orodha ya namba isikae kwenye simu ileile.

Kuhusu umri wa habari: mzee wa miaka 85 leo amezaliwa karibu 1940. Bibi aliyemlea huenda alizaliwa 1885 au 1890. Kwa hiyo kifo cha Isike kinakufikia kwa mkono wa pili au wa tatu, na habari za 1871 ni za tatu au za nne. Kila habari andika mnyororo wake: kasema nani, aliisikia kwa nani, wapi. Miaka usiulize kwa namba. Uliza kama ilikuwa kabla ya Mbelgiji, kabla ya reli, kabla ya homa kubwa ya baada ya vita.

Saa moja ya sauti itakula saa nne hadi sita za kuandika, na kama kuna Kiha au Kinyamwezi ndani, zaidi. Mahojiano 12 mazuri yanakutosha. Ukirudi na 40 utaishia kunukuu matano.

Mwanafunzi_wa_Misafara

Wakuu, nimebaki na siku tu. Mngegawaje?

BintiKitongoni

Dar 5, Kigoma na Ujiji 8, njiani 2, Tabora 5, akiba 1. Katika zile 8 za kwetu, mbili za kwanza zitaishia ofisini, zisikutie unyonge. Kabla hujaondoka Ujiji rudi kwa kila mzee na picha yake iliyosafishwa, zipo studio Mwanga. Ndio mara nyingi anakumbuka lile alilosahau.

Isevya_Juu

Nakubaliana. Bodaboda ya Kwihara patana naye kwenda na kurudi, na akusubiri. Jioni kule hupati nyingine.